Namna ya Kushindwa Kuotesha Ua la Tishu kwa Heshima Zote

Hongera kwa ploti. Hamsini kwa mia, hati mkononi, hapa Kikopey, hatua chache kutoka barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, na ukipanda juu ya tangi la maji unaliona Ziwa Elmenteita lote. Nyumba imeisha. Geti limepakwa nyeusi na dhahabu kama la kila mtu. Imebaki kazi moja tu: kuwaonyesha wageni kwamba wewe si kila mtu.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nitakufundisha kuotesha ua ambalo jirani yako hana, hajalisikia, na hawezi kulipata kwenye vitalu vya kando ya barabara hata akija na bunda la noti. Halipo kwa sababu haliotesheki kirahisi. Usinywee. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tangu mwanzo kwamba atashindwa, na anachotaka ni kushindwa akiwa amevaa vizuri.

1. Chagua mmea usio na bei

Bugenvilia usiiguse, kila geti kutoka Gilgil hadi Mbaruk linayo. Kayaba ni ya kuzuia ng'ombe, haijawahi kusifiwa na mgeni. Waridi yasahau kabisa. Naivasha hapo jirani wanayakuza ndani ya mahema ya plastiki na kuyapeleka Uholanzi kwa ndege, kwa hiyo ukipanda mashina matatu mlangoni watu watadhani umeyabeba kutoka kazini.

Siku hizi kinachosifiwa ni cha porini. Mwenye pesa za kweli ndiye anayeacha nyasi ziote zitakavyo, kisha akaziita mandhari.

Chako kiwe Cycnium tubulosum. Umeshakutana nalo mara nyingi bila kulisalimu. Mvua ikishashika, kwenye mbuga za nyasi fupi zenye udongo mweusi, ule unaonata viatuni wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, hutokea maua meupe, mengine ya rangi ya waridi, yenye petali tano bapa, laini, zilizokunjamana kidogo. Yamekaa chini karibu na ardhi, moja hapa, mawili kule, bila mpango wowote. Ukiwa dirishani mwa matatu utaapa kwamba basi la wanafunzi lilisimama pale, wakala mkate, wakapangusa midomo na kuondoka. Ndiyo maana likaitwa ua la tishu. Maasai Mara na Serengeti yapo, na nyanda zetu za juu yapo. Ila kando ya barabara yetu, ambako tishu halisi hazijawahi kuadimika, itabidi ushuke kwenye gari ndipo ujue ipi imeota na ipi imetupwa. Kabla ya Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

Likariri jina la Kilatini. Litamke polepole huku ukitazama mbali, kama mtu anayemkumbuka rafiki wa zamani. Asilimia kubwa ya kilimo cha ua hili ni hiyo.

2. Jifunze sentensi nne za sayansi

Si zaidi ya nne. Ya tano itakufichua.

Ya kwanza: ua hili lina majani ya kijani na linajipikia chakula chake kwa jua kama mimea mingine yenye adabu. Ya pili: huko chini gizani, mizizi yake ikigusana na mizizi ya nyasi huota vinundu vinavyojipenyeza mpaka kwenye mirija ya maji ya mwenyeji, na tangu hapo hunyonya maji na chumvichumvi zilizotafutwa na mwingine. Ya tatu: ili maji yaelekee upande wao, vimelea nusu wa namna hii huacha vitundu vya majani yao wazi kuliko mwenyeji anavyothubutu, wengine hata usiku, wakimwaga hewani maji ambayo hawakuyatolea jasho.

Ya nne ni ya wageni wasiosoma. Waambie: huyu ni mtu anayefika kwenye nyama choma ya Kikopey na ugali wake mwenyewe ndani ya foili, anakaa kwenye meza ya watu asiowajua, na kuanza kumega mbavu zao. Ukimuuliza, anashangaa. Kwani yeye ni ombaomba? Si ugali anao!

Watacheka, na wakicheka hawatauliza swali la pili.

Kama yupo msomi mezani ambaye hajaridhika, mtolee kisa cha Marekani. Kule Maine kuna jamaa mwingine wa ukoo huu wa Orobanchaceae, kimelea nusu vilevile, Pedicularis furbishiae, anayeishi kwenye kingo za mto Saint John. Jina alilipata kwa Kate Furbish, mwanamke aliyezunguka jimbo lote akichora mimea. Watu walidhani ameshatoweka duniani, mpaka alipoonekana tena mwaka 1976, wakati serikali ilikuwa na mpango wa kujenga bwawa kubwa la umeme la Dickey-Lincoln ambalo lingemzamisha. Ikawa zogo la miaka. Bwawa halikujengwa. Bila shaka zilikuwepo sababu nyingine, za pesa na za siasa, lakini wewe huna haja ya kuzitaja. Sema tu: ua la mwizi lilisimamisha bwawa. Halafu geuka ukaitazame bustani yako kwa macho ya mtu anayesubiri serikali ije na tingatinga.

3. Lipate, ila si kwa jembe la usiku

Najua unachofikiria. Unafikiria kupaki gari kando ya mbuga jioni, ukiwa na panga na mfuko, dakika mbili tu, nani atakuona.

Usifanye. Kwanza sehemu kubwa ya nyasi nzuri unazoziona ukitazama ziwani ni za hifadhi, na Elmenteita yenyewe ni ardhioevu ya mkataba wa Ramsar tangu 2005 na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Ni aibu kubwa kukamatwa huko ukiwa umebeba magugu. Walinzi wamezoea majangili wa kweli, nao hawatajua wakuandike nini. Pili, ua lenyewe litakusaliti. Petali zake zikishikwa na kufinywa hubadilika kuwa za buluu nyeusi kama wino, na mmea ukikauka huwa mweusi wote. Utafika nyumbani umebeba ushahidi, vidole vimeshapigwa muhuri. Tatu, ukiling'oa umelikata na meza yake. Ile mizizi ilikuwa imeshikamana na jamaa wote wa mbugani. Wewe umeleta mlaji bila chakula.

Somo la kuhamisha kiumbe wa porini liko hapa hapa kwetu. Mwaka 1972 Mmarekani Shirley Strum alianza kuchunguza nyani kwenye ranchi ya Kekopey, hii hii tuliyogawana ploti. Baadaye ranchi ikawa mashamba ya wananchi, nyani wakagundua mahindi, na wananchi wakagundua nyani. Mwaka 1984 Strum na wenzake wakawahamishia Laikipia. Hawakuchukua nyani mmoja mmoja mwenye sura nzuri. Walichukua makundi mazima, wakubwa kwa wadogo, wakorofi kwa wapole, na nyani wakashika maisha mapya huko kwenye ukame. Hii ndiyo kanuni unayohitaji: mhamishe mwizi na majirani zake wote anaowaibia.

Kwa hiyo tafuta mahali ambapo nyasi zenyewe tayari zimehukumiwa. Shamba linalongoja trekta. Ploti inayochimbwa msingi wiki ijayo. Ukingo wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo kupanuliwa kwake kuliongelewa miaka mingi kiasi kwamba hata nyasi zinajua. Muombe mwenye mali. Atakupa bure, na atasimulia habari zako kijiji kizima. Kata bonge la udongo pana kama sinia na la kina cha jembe, nyasi na ua na mchwa na yote, livingirishe ndani ya gunia lililoloweshwa, lipakie kwenye Probox, liweke ardhini siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Fanya hivyo wakati wa mvua.

Ukipenda mbegu, zikusanye vidonge vikikauka na uzinyunyize moja kwa moja kwenye nyasi. Usizipande kwenye chungu cha kauri ulichonunua Westlands. Kimelea nusu akipandwa peke yake chunguni hudumaa na kukukodolea macho, na chungu kile bei yake unaijua.

4. Iharibu bustani yako kwa bidii

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu inabidi kuacha kazi waliyoilipia.

Umepanda nyasi za kikuyu. Sikulaumu; ni za hapa hapa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimesafiri mpaka Australia na California, ambako wengine wanazimwagilia na wengine wanazilaani. Lakini nyasi zilizolishwa mbolea na kunyweshwa kila jioni hunenepa, huwa ndefu, na kumfunika mwizi wako asione jua. Kumbuka, huyu anahitaji jua. Anaiba maji, mwanga haibi. Kwa hiyo: mbolea, acha. Samadi, acha. Sprinkla iliyotoka Nakuru, mpe shemeji. Nyasi zikonde, ziwe na njaa ya heshima.

Udongo ndio tatizo jingine. Wa Kikopey ni mwepesi, wa majivu ya volkano na mawe, unaopendwa na leleshwa na migunga, na mvua yetu ina tabia ya kwenda kunyesha kwa wenzetu Nyandarua. Ua la tishu linapenda udongo mzito unaoloana kwa msimu. Lakini wewe una bahati: fundi aliyekuwekea mabomba aliyaweka jinsi wanavyoyaweka. Tafuta pale yanapovuja. Kuanzia leo hilo si tundu, ni kinamasi cha msimu, na pale ndipo uweke lile bonge la udongo.

Majirani watalalamika kwenye kikundi cha WhatsApp. Watatuma picha ya nyasi zako na kuandika kwamba nyoka wameonekana. Usijibizane. Nenda kwa mwandika mabango Gilgil, umwagize kibao cha kijani chenye herufi nyeupe: ENEO LA UREJESHAJI WA MBUGA ASILIA, USIKANYAGE. Kibao kina nguvu kuliko mbolea. Mtu mvivu akiweka kibao anakuwa mhifadhi, na wiki ya tatu utasikia jirani wa kushoto akiuliza kwa sauti ya chini herufi zile ni bei gani.

Ukibanwa sana, taja Uingereza. Kule wenye mashamba hununua mbegu za Rhinanthus minor, kimelea nusu wa ukoo huu huu mwenye maua ya manjano, na kuzimwaga kwa hiari yao kwenye nyasi ili azidhoofishe, maua mengine ya porini yapate nafasi. Wanalipa pesa ili waibiwe. Jirani akisikia hivyo atanyamaza. Kitu kikilipiwa na Waingereza, huku kwetu bado kina heshima yake.

5. Kijana wa bustani

Adui yako mkubwa si ukame. Ni kijana mchapakazi mwenye slasha.

Utamweleza mara ya kwanza, atasema sawa. Utamweleza mara ya pili, atasema sawa bosi. Kisha utasafiri kwenda Nairobi siku tatu, na ukirudi atakupokea getini akitabasamu.

"Bosi, nimekusafishia kule pembeni. Kulikuwa kumechafuka."

"Kumechafuka na nini?"

"Tishu. Nikaanza kuokota, nikaona zina mizizi. Nikajua ni magugu, nikachoma yote."

Usimfokee. Kwa macho ya mkulima yeyote mwenye akili timamu, amefanya kazi nzuri, tena kwa mshahara ule. Isitoshe amekuletea kitu ulichokuwa unakikosa, yaani sababu. Mtu anayeshindwa bila sababu ni mzembe. Mwenye sababu ni mtafiti. Ila usimtaje yeye mbele ya wageni, si haki, na atasikia. Msingizie mbuzi. Sema mbuzi wa jirani aliruka ua akala mkusanyiko wote. Kikopey mbuzi hana wa kumtetea.

6. Likikataa kabisa

Litakataa. Sasa tufanye kazi.

Nunua serviete nyeupe, zile laini za tabaka mbili. Karatasi ya chooni haifai, ina vitundu vya kukatia na mgeni mwenye macho ataviona. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, finya katikati, kunja ncha moja iwe mkia, kisha chomeka kwenye nyasi kwa kijiti. Usipange mistari. Mgeni akiona mistari atajua ni mkono wa binadamu. Rusha kokoto, na kila kokoto inapoangukia chomeka ua. Zile zinazokaribia veranda zipake rangi ya waridi kidogo kwa maji ya bitiruti, kwa sababu hata porini yapo ya namna hiyo, na mtu aliyesoma ataridhika kupita kiasi.

Wageni wakae hatua kumi na tano na zaidi. Saa bora ni kumi na mbili na robo jioni. Upepo wa alasiri ni hatari, basi chomeka baada ya saa kumi na moja. Na nyama iletwe mapema. Mtu akishashika ubavu haondoki kitini kwenda kuchunguza mimea. Atanyoosha kidole chenye mafuta, atasema "Hee, kumbe ndiyo yale!" na kuendelea.

Kuna zawadi usiyoitarajia. Kadiri jioni inavyosonga wageni wenyewe watapangusa mikono na kuangusha serviete, upepo utazipeleka nyasini, na bustani yako itachanua mara mbili. Asubuhi hata wewe hutajua ulipanda ngapi.

Kwa mgeni wa Januari huhitaji hata serviete. Mwonyeshe nyasi kavu, utikise kichwa: "Ungekuja mvua ilipoanza." Kwa mgeni wa Aprili: "Mvua ya mwaka huu imezidi, yameoza." Mmea wenye msimu ni rafiki wa mwongo, na huu una msimu mzuri kweli.

Mgeni mbishi, yule mwenye buti za kupandia milima, mpeleke juu zaidi. Mwambie hili la tishu ulishaliacha, sasa unajaribu jamaa zake wa Nyandarua, wale wa juu ya msitu na mianzi, kwenye nyasi za mashungi za mwinuko wa mita 3,000 na ushei. Wapo kweli: kuna vimelea nusu wa jenasi ya Hedbergia, iliyopewa jina la Olov Hedberg, Mswidi aliyetumia maisha yake kuchunguza mimea ya vilele vya Afrika Mashariki. Kikopey iko chini mno kwa mimea ya baridi ile, kwa hiyo hakuna atakayekudai matokeo. Onyesha vyungu vitupu kwa fahari.

7. Wezi wengine, kwa asiye na subira

Kama umechoka na ua la tishu, wapo wezi wanaojipanda.

Kirukia ndiye rahisi kuliko wote. Angalia mgunga wako ule mkubwa karibu na tangi. Yumkini yupo tayari, kichaka kizima cha majani yasiyofanana na ya mti, chenye maua membamba mekundu au ya chungwa yanayotembelewa na chozi. Ndege amekula tunda, mbegu yake ni ya ulimbo, ameifutia mdomo tawini au imemtoka kwa njia nyingine, ikanasa, ikatoboa gome. Wewe hukufanya lolote. Mgeni akiuliza, sema ulimpanda mwenyewe mwaka uliohamia. Ndege hatakuja kukanusha.

Msandali ni habari nyingine, na hapa nitashusha sauti. Osyris lanceolata ni kichaka cha vilima vikavu vya mawe, kinachoishi kwa kushika mizizi ya jirani vilevile, na hapa kwetu kinaweza kuota. Taabu ni kwamba mbao za ndani na mizizi zina mafuta ya marashi, na marashi yana soko ng'ambo. Wavunaji hawakati tawi. Wanang'oa mti mzima na mizizi yake, hasa wa kike, kwa sababu ndio unaosifiwa kwa mafuta. Mwaka 2007 Rais alipiga marufuku uvunaji nchini, na mwaka 2013 nchi za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vya porini, zikauingiza msandali wa Afrika Mashariki kwenye Kiambatisho cha Pili ili biashara yake ichungwe. Bado malori yanakamatwa. Kwa miaka mingi mti ule uliibia jirani zake maji ya kikombe, mpaka walipofika wezi wenye shoka na lori.

Ukitaka kuuotesha, nenda kwa watu wa utafiti wa misitu, KEFRI, ukajifunze, na uupande pamoja na mwenyeji wake kwenye shimo. Lakini usimwambie mtu. Huu ndio mmea pekee katika mwongozo huu ambao ukifanikiwa, ni lazima uwaambie wageni kwamba umeshindwa.

8. Yule usiyempanda hata kwa dawa

Sasa niondoe mzaha kwa aya moja, nitaurudisha. Ukoo wa ua la tishu una mtoto aliyepotoka: Striga hermonthica, ambaye Waluo humwita kayongo na wakulima wa Tanzania humwita kiduha. Ana maua mazuri ya zambarau na waridi, yangependeza sana kwenye kibao chako. Mbegu zake ni vumbi tupu. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Zinasubiri harufu. Mzizi wa mahindi hutoa kemikali za kuita kuvu wema wa ardhini waje washirikiane, na kayongo amejifunza kudukua simu hiyo. Kemikali ya kwanza ya aina hiyo ilitambuliwa mwaka 1966 kwenye majimaji ya mizizi ya pamba. Kwamba kumbe ilikuwa mwaliko wa kuvu ilikuja kujulikana mwaka 2005 tu. Mbegu ikishasikia, inachipuka, inashika mzizi, na mahindi yanadumaa kabla kayongo mwenyewe hajatoa kichwa juu ya ardhi. Huko Siaya, Busia na Homa Bay familia zimepoteza mavuno msimu baada ya msimu. Mbita, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kimefundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi: mizizi yake huidanganya mbegu ya kayongo ichipuke, kisha haipati pa kushika, inakufa. Ndiyo, mwizi anatapeliwa. Ni udanganyifu bora kuliko wote niliokufundisha hapa, na umelisha watu.

Narudisha mzaha, kwa sababu hapa pana hatari yako ya mwisho.

Wageni wa Nairobi watakuamini. Wa Nakuru watakuamini ukiongeza pilipili. Mgeni pekee wa kuogopa ni baba mkwe kutoka Siaya. Huyu amekulia vitani na ukoo huu. Hajali Kilatini, hajali kibao, na Maine hajui iko wapi. Siku moja, kwa bahati mbaya kabisa, bonge lako la udongo litakuwa limekubali, na ua moja la kweli, la rangi ya waridi, litakuwa limechanua kando ya bomba linalovuja. Yeye atashuka kwenye gari, ataliona kabla hujafunga mlango, na kabla hujasema "Karibu mzee," atakuwa ameinama na kuling'oa na mizizi yake yote, amelikung'uta udongo, na anakutazama kwa huruma ya mtu aliyemwozesha binti yake kwa mtu asiyepalilia.

"Kijana, kwa nini hukuniambia mmefikiwa na kayongo?"

Usimweleze tofauti ya jenasi. Mwambie, "Ahsante sana, mzee, ningejuaje mimi," mnawishe ule wino mikononi, mpe kiti kinachotazama ziwani ili mgongo wake uelekee nyasi, na umwite mchomaji aongeze kilo nyingine.